Somo la Saba: Ufahamu na Ufupisho – Rangi ya Jani na Mwanga wa Jua

MALENGO YA SOMO
Baada ya somo hili mwanafunzi aweze:
(a) kujibu maswali ya ufahamu kwa kutegemea kifungu, si mambo anayoyajua nje ya kifungu;
(b) kueleza maana ya neno kwa mujibu wa muktadha;
(c) kutenganisha wazo kuu na mifano;
(d) kufupisha habari bila kuzidisha idadi ya maneno aliyopewa.

KABLA YA KUSOMA
Watahiniwa wengi hupoteza alama za ufahamu ilhali Kiswahili wanakijua vizuri. Kosa lao ni kujibu kabla ya kusoma. Wakiona neno walilolizoea, hudhani tayari wanajua mwandishi anataka kusema nini. Kifungu kifuatacho kina mtego wa namna hiyo. Kinahusu upigaji picha wa majani yaliyobadilika rangi, na ndani yake jambo moja liko kinyume na wengi wanavyodhani. Soma mara ya kwanza upate habari kwa ujumla. Soma mara ya pili huku ukipigia mstari sentensi inayobeba wazo kuu la kila aya. Ndipo usome maswali.

KIFUNGU
Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

(1) Anayetazama picha zilizopigwa Kanada, Japani au Uingereza mwezi Oktoba huona miti imegeuka njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Kanada imeweka jani jekundu katikati ya bendera yake tangu mwaka 1965. Kwa watu wa nchi hizo, rangi hizo ni dalili kwamba baridi inakaribia na majani yatapukutika. Baadhi ya watafsiri huyaita majira hayo vuli. Kwa mkazi wa Kibaha au Kisarawe, hata hivyo, vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, wakati mbegu zinaingia ardhini na miti inachipua. Neno ni lilelile, lakini yanayotokea shambani na msituni ni kinyume.

(2) Tofauti hiyo ni kubwa kwa anayetaka kupiga picha ya majani katika Mkoa wa Pwani. Akipita kwenye misitu yenye miyombo mwezi Septemba au Oktoba, mvua zikiwa bado, ataona baadhi ya miti imevaa rangi nyekundu na ya shaba. Mgeni atasema majani yanakufa. Kumbe ndiyo kwanza yanazaliwa. Miyombo hupukutisha majani wakati wa ukame, kisha huchipua hata kabla mvua haijanyesha, na majani yake machanga huanza yakiwa mekundu. Mwembe na mkorosho, miti inayoonekana karibu kila kijiji cha Kibaha na Kisarawe, nayo huchipua kwa namna hiyo. Machipukizi ya mwembe huning'inia, ni laini na yana rangi ya shaba au zambarau. Baada ya siku kadhaa hukakamaa na kuwa kijani.

(3) Sababu iko ndani ya jani. Jani lililokomaa huwa kijani kwa sababu ya umbijani, yaani klorofili, inayotumia nguvu ya jua kutengeneza chakula cha mmea. Jani linapozeeka, umbijani huvunjika, na rangi ya njano iliyokuwa imefichika hujitokeza. Wekundu ni jambo jingine. Hutokana na rangi iitwayo anthosianini, ambayo mmea huitengeneza wenyewe. Miti mingine huitengeneza majani yanapozeeka, mingine yanapozaliwa. Katika jani changa, ambalo umbijani wake bado ni mchache, wekundu huo husaidia kulikinga dhidi ya jua kali. Kwa hiyo rangi nyekundu peke yake haiwezi kumwambia mtu kama jani linaanza maisha au linayamaliza.

(4) Pwani wapo pia miti inayofanana na ile ya Ulaya. Mkungu, mti wa kivuli unaopandwa katika viwanja vya shule na kandokando ya bahari, una majani mapana yanayogeuka njano na nyekundu kabla ya kuanguka. Hapo mgeni anayesema majani yanakufa yuko sahihi. Mpiga picha atatofautisha kwa kulitazama jani lenyewe. Jani changa huwa nchani mwa tawi, ni dogo, laini na halina kovu. Jani zee ni pana na gumu, mara nyingi lina madoa, na ukiligusa kikonyo chake huachia kwa urahisi.

(5) Baada ya kulijua jani, mpiga picha ashughulike na mwanga. Kibaha na Kisarawe ziko takriban nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda upesi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri mwanga hutoka juu na ni mkali. Vivuli huwa vyeusi, na majani yenye nta kama ya mwembe hung'aa mithili ya kioo. Mng'ao huo ni mweupe, nao huificha rangi yenyewe. Karibu na mwanzo wa Machi na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, hata kivuli cha mti hujikusanya chini ya mti wenyewe. Wakati mzuri ni asubuhi mapema hadi saa mbili, au kuanzia saa kumi na moja jioni hadi jua linapozama. Asubuhi ina faida ya ziada, kwani upepo wa baharini haujashika kasi na majani hayatikisiki. Hata hivyo, jua likiwa chini mwanga wake huwa wa dhahabu, nao huongeza wekundu katika kila kitu. Anayetaka rangi halisi ya jani asubiri wingu jembamba. Mwanga wa wingu ni mpole, hauna mng'ao wala vivuli vikali.

(6) Kisha achague mahali pa kusimama. Jua likiwa nyuma yake, jani huonesha sura yake ya nje: vumbi, madoa na makunyanzi. Jani likiwa kati yake na jua, mwanga hupenya, mishipa huonekana, na rangi hukolea kama kioo cha rangi mbele ya taa. Lakini simu ikiona anga nyeupe nyuma ya jani, hulifanya jani kuwa jeusi. Dawa yake ni kugusa picha ya jani kwenye kioo cha simu ili ipime mwanga hapo, au kutafuta pembe ambayo nyuma ya jani pana shina lenye kivuli. Ndani ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, mwanga huchujwa na majani ya juu na kupata ukijani, hivyo jani jekundu huonekana la kahawia. Hapo ni bora kutafuta sehemu yenye uwazi au kutoka hadi ukingoni mwa msitu.

(7) Rangi inayodanganya zaidi ni kahawia. Misitu ya Pwani iko karibu na Dar es Salaam, soko kubwa la mkaa, na ukataji miti umeiumiza kwa miaka mingi. Mti ulio hai unapotaka kupukutisha jani, hujenga tabaka jembamba mahali kikonyo kinapoungana na tawi, na jani huachia lenyewe. Tawi lililokatwa ghafla au kuunguzwa na moto hufa kabla ya kujenga tabaka hilo. Majani yake hukauka na kujikunja yakiwa bado yameshikilia tawi. Picha ya tawi hilo ikipigwa jioni, kwa mwanga wa dhahabu, inaweza kupendeza sana, na mtu akaandika chini yake kwamba ni majira ya majani kupukutika. Kumbe ni picha ya mti uliouawa. Mpiga picha asitosheke na uzuri. Atazame kikonyo, atazame ardhi chini ya mti kama kuna majani yaliyoanguka au majivu, kisha atazame miti jirani ya aina ileile.

(8) Ndiyo maana maelezo ya picha yana uzito sawa na picha. Jina la mti, mahali, tarehe, saa na hali ya hewa huigeuza picha kuwa ushahidi. Mwanafunzi anayeurudia mti uleule kila wiki, saa ileile, akisimama palepale, atakuwa na kumbukumbu ya mwaka mzima: lini ulipukutisha, lini ulichipua, mvua zilichelewa au ziliwahi. Siku mti huo ukikatwa, picha zake zitaonesha kilichokuwapo. Lakini picha zenye maelezo ya kubuni zitaonesha tu kwamba mwandishi alikuwa na haraka.

MASWALI
1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Kwa mujibu wa aya ya kwanza, neno vuli limetumika kwa maana mbili. Zieleze.
3. Wekundu wa majani ya miyombo mwezi Septemba na Oktoba ni dalili ya nini?
4. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu: (a) mkungu (b) kikonyo (c) utosini.
5. Kwa nini mwandishi anasema asubuhi "ina faida ya ziada"?
6. Mtu ameona tawi lenye majani ya kahawia yaliyojikunja na kushikilia tawi. Kwa mujibu wa kifungu, ni mambo gani mawili yanayoweza kuwa yamelipata tawi hilo?
7. Mwandishi ana ujumbe gani kwa msomaji?
8. Fupisha aya ya tano na ya sita kwa maneno yasiyozidi 60.

MAJIBU NA MAELEZO

Swali la 1. Rangi ya Jani na Mwanga, au Jani, Mwanga na Ukweli. Kichwa kizuri hugusa kifungu chote. "Misitu ya Kisarawe" hakifai, kwa kuwa msitu ni mahali tu na habari yenyewe ni kulitazama jani na kulipiga picha. "Mkaa na Mazingira" kinagusa aya moja. Hesabu maneno kabla ya kuandika. Ukiambiwa matano, usiandike sita.

Swali la 2. Maana ya kwanza ni majira ya nchi za baridi ambapo majani hubadilika rangi na kupukutika. Maana ya pili ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba zinazonyesha wakati mbegu zinapandwa na miti inachipua. Swali limesema "kwa mujibu wa aya ya kwanza", hivyo mtahiniwa anayeandika maana ya pili pekee, kwa sababu ndiyo anayoijua nyumbani, amejibu nusu ya swali.

Swali la 3. Ni dalili ya majani machanga yanayochipua. Huu ndio mtego wa kifungu. Mtahiniwa aliyesoma aya ya kwanza haraka ataandika kwamba majani yanazeeka au yanakaribia kupukutika. Hayo ni maoni ya mgeni, na mwandishi anayataja ili ayakanushe. Neno kumbe ndilo linalokuonya. Katika Kiswahili, kumbe huashiria kwamba jambo lililodhaniwa si kweli na kwamba ukweli unafuata. Ukikutana na maneno kama kumbe, hata hivyo, lakini na bali, punguza mwendo, maana mara nyingi jibu liko baada yake.

Swali la 4. (a) Mkungu ni mti wa kivuli wenye majani mapana yanayogeuka njano na nyekundu kabla ya kuanguka. (b) Kikonyo ni kijiti kinachounganisha jani na tawi. (c) Utosini ni juu kabisa ya kichwa, na hapa ina maana kwamba jua lipo moja kwa moja juu. Tahadhari na neno mkungu. Lina maana nyingine, yaani shina la ndizi zikiwa pamoja, kama katika "mkungu wa ndizi". Anayeandika maana hiyo hajakosea Kiswahili, ila amekosea muktadha, na swali limeuliza "kama yalivyotumika katika kifungu". Njia rahisi ya kujikagua ni kuweka maana uliyoiandika mahali pa neno. "Shina la ndizi, mti wa kivuli unaopandwa katika viwanja vya shule" haileti maana, kwa hiyo jibu hilo liache.

Swali la 5. Kwa sababu upepo wa baharini haujashika kasi, hivyo majani hayatikisiki. Usiandike kwamba asubuhi mwanga ni mzuri. Jambo hilo ni kweli, lakini asubuhi na jioni zote zina mwanga mzuri. Swali limeuliza faida ya ziada, yaani ile ambayo jioni haina.

Swali la 6. Tawi hilo huenda limekatwa ghafla, au limeunguzwa na moto. Jibu hili linakutaka uitumie habari ya aya ya saba kwenye hali mpya. Kama umeandika "ukame", rudi kwenye aya ya pili. Huko ukame umetajwa kuwa wakati miyombo inapopukutisha majani, si wakati yanapokauka yakiwa yameshikilia tawi.

Swali la 7. Mtu asikiamini kitu kwa sababu tu kinapendeza au kinafanana na alichokizoea. Akitazame kwa makini, kisha aandike ukweli. Ujumbe huandikwa kwa sentensi inayomfaa kila msomaji, hata asiyewahi kupiga picha. Ukiandika "tupige picha asubuhi", umetaja ushauri mmoja tu kati ya mingi.

Swali la 8 (Ufupisho). Fuata hatua hizi nne.
Hatua ya kwanza: orodhesha mawazo makuu ya aya ulizopewa. Katika aya ya tano yako matatu: mwanga wa mchana huficha rangi, asubuhi na jioni ni bora, wingu jembamba huonesha rangi halisi. Katika aya ya sita yako manne: jua nyuma ya mpiga picha, jani kati yake na jua, simu ipime mwanga kwenye jani, mwanga wa ndani ya msitu una ukijani.
Hatua ya pili: ondoa mifano, tarakimu na tashbihi. "Mithili ya kioo", "nyuzi saba" na "mwanzo wa Machi" huachwa.
Hatua ya tatu: unganisha mawazo kwa maneno yako mwenyewe, ukifuata mpangilio wa mwandishi.
Hatua ya nne: hesabu maneno, kisha punguza.

Ufupisho wa mfano:
Mpiga picha wa majani aepuke mwanga mkali wa mchana kwa kuwa mng'ao huficha rangi. Apige asubuhi mapema, kabla ya upepo, au jioni jua likiwa chini. Akitaka rangi halisi, asubiri wingu jembamba. Jua nyuma yake huonesha sura ya jani, na jani likiwa kati yake na jua rangi hukolea. Simu ipime mwanga kwenye jani, naye aepuke kivuli cha kijani cha msituni. (Maneno 59)

Angalia kwamba ufupisho huu hauna maoni ya mtahiniwa. Sentensi kama "nami nakubaliana na mwandishi" haina nafasi hapa.

MAKOSA YA KUJIHADHARI NAYO
(i) Kunakili sentensi nzima za kifungu pale ulipoambiwa utumie maneno yako.
(ii) Kujibu kwa neno moja pale swali linaposema "eleza".
(iii) Kutaja hoja tatu pale zilipoombwa mbili. Hoja ya tatu haiongezi alama, na inakula muda wako.
(iv) Kuleta habari za nje ya kifungu, hata kama ni za kweli.

Ujuzi huu utakufaa pia katika swali la picha kwenye Jiografia. Huko nako, sema kwanza unachokiona kwenye picha, ndipo useme ni majira gani na kwa nini.

ZOEZI LA KUJIPIMA
1. Tunga sentensi mbili kuonesha maana mbili tofauti za neno mkungu.
2. Fupisha aya ya saba kwa maneno yasiyozidi 40.
3. "Rangi nyekundu peke yake haiwezi kumwambia mtu kama jani linaanza maisha au linayamaliza." Kwa kutumia aya ya pili, ya tatu na ya nne, toa hoja tatu zinazothibitisha kauli hii.
4. Chagua mti mmoja karibu na shule au nyumbani kwenu. Utazame asubuhi, adhuhuri na jioni ya siku moja, kisha andika maelezo yake kwa maneno yasiyozidi 50. Taja aina ya mti, mahali, tarehe, saa na hali ya majani. Usiandike jambo ambalo hukuliona kwa macho yako.